Picha ya bibi ya 1962 na sindano ya kofia: nitoboe?

BintiUkindu (Tanga)
Assalaam alaykum jamani. Nina picha ya bibi mzaa mama, alipigwa studio Unguja mwaka 1962. Amekaa kitini, nyuma yake pazia, kichwa kiko wazi na asumini nyweleni. Alipiga kwa ajili ya babu, aliyekuwa safarini na jahazi.

Bibi alikuwa akishona kofia za viua, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi, na jioni akisuka ukili wa mikeka. Ameacha kofia moja nusu, sindano ingali imechomekwa kwenye bafta, kitambaa chake cheupe cha pamba. Vyote viwili vimekaa sandukuni mwangu miaka mingi na roho inaniuma. Nataka nishone viua juu ya ile picha, kwa mshono wake yeye alionifunza.

Shida ni kwamba picha imegandana na kioo cha fremu. Niibandue vipi? Na karatasi yake itahimili kutobolewa?

FundiPicha (Mombasa)
Usiibandue, tafadhali. Picha za zamani zina utando wa jelatini juu ya karatasi, na unyevu wetu wa pwani huulainisha mpaka ukashika kioo. Ukivuta, uso wa bibi unabaki kiooni. Nimeliona hilo kwa picha ya harusi ya watu, na hakukuwa na la kufanya. Iskani na kioo chake, nukta 600 kwa inchi, ukikifuta kwanza upande wa nje kwa kitambaa kikavu. Kioo kikirudisha mwanga wa skana, ipige kwa kamera karibu na dirisha, taa zimezimwa. Kutoboa, toboa nakala.

MamaViua (Unguja)
Mwanangu, nakala hiyo ichapishe kwenye bafta. Kabla ya kuchapisha, ifue bafta wanga utoke, ikauke, uipige pasi. Bafta mpya hunywea, na ikinywea baada ya kushonwa uso wote unakunjamana. Waulize wenye mashine pia: zile za kuchapia jezi zinashika poliesta, kwenye pamba rangi inatoka ukifua. Weka bafta ya pili chini kama tunavyofanya kwenye kofia, chora kwa penseli, ndipo utoboe.

Na ile sindano ya bibi ichomoe leo leo. Hewa ya chumvi inaitia kutu, na doa la kutu ni kazi kulitoa. Pitisha uzi mwekundu pale ilipokuwa, upajue alipofikia.

MjukuuWaPemba
Picha hiyo ilipigwa kwa macho ya babu. Utaitundika wapi? Mimi niliweka ya bibi yangu dukani, wakubwa wakaumia, na walikuwa na haki. Zungumza na wanawe kwanza. Pengine viua vyako ndivyo vimsitiri: mshonee kanga kichwani.

BintiUkindu (Tanga)
Ahsanteni sana, nimesoma nikalia. Sindano nimeichomoa, uzi mwekundu upo. Jana nimempigia mama mkubwa. Alinyamaza kidogo, akasema bibi akipenda kujitanda kanga ya korosho, na asumini isifunikwe yote, iachwe ichungulie pembeni. Bafta imeshafuliwa, iko kambani. Nitaanza na pindo, kisha mji, pale katikati ya kanga, wenye korosho. Jina la kanga mama mkubwa halikumbuki bado. Amesema atamuuliza jirani yao wa zamani Makunduchi.