Mabinti wanne mfululizo: jinsia ya mtoto inaamuliwa na nani?

Jirani_wa_Isevya
Wakuu, habari za jioni. Kuna familia hapa Isevya, Tabora, ina mabinti wanne na wa tano yuko njiani. Mama mkwe ameshaanza maneno: mke hajui kuzaa wanaume, kijana wake aoe mwingine. Mawifi nao wamemletea mizizi achemshe anywe ili mtoto "ageuke", na mimba ni ya miezi minne. Wenye utaalamu, ni baba au mama anayeamua? Na kuhesabu siku, vyakula, kujisafisha kwa magadi kabla ya tendo, kuna kinachofanya kazi? Mzee wa ukoo amesema yuko tayari kusikiliza.

Mkunga_Ujiji
Nianze na hiyo mizizi, maana ndiyo ya haraka. Asiinywe. Jinsia ilishapangwa pale mbegu ilipoingia kwenye yai, na kwa miezi minne korodani au ovari zimeshajengeka. Hakuna cha kugeuka. Kinachoweza kutokea ni mji wa mimba kubana kabla ya wakati, damu kutoka, au ini na figo za mama kuumia, kwa sababu hakuna anayejua kiasi cha dawa kilichomo kikombeni. Kama ameshakunywa na anaumwa tumbo au anaona damu, asingoje tarehe ya kliniki. Aende kituoni siku hiyohiyo, aseme alichokunywa, na mabaki ya mizizi ayabebe.

Sasa baba au mama. Chembe za mwili wa binadamu zina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 46, yaani jozi 23. Jozi moja ndiyo ya jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Yai na mbegu hubeba nusu tu, 23. Yai la mama, liwe lipi, limebeba X. Mbegu za baba karibu nusu zina X na nusu zina Y. Ikiingia ya X ni binti, ikiingia ya Y ni mvulana. Mke hana kingine cha kutoa zaidi ya X. Na huyo mume akioa wa pili, anakwenda na mbegu zilezile.

Ila msimgeuzie baba kibao. Kila tendo hutoa mamilioni ya mbegu na hana uwezo wa kuituma moja na kuizuia nyingine.

Kwenye Y kinachoamua jinsia ni jeni (kipande cha urithi) moja, SRY, iliyotambuliwa na watafiti wa London mwaka 1990. Mwanzoni kiinitete (mimba changa) cha kike na cha kiume havitofautiani: vyote vina tezi ambayo yaweza kuwa korodani au ovari, na vyote vina mirija ya aina mbili. Karibu na mwisho wa wiki ya sita tangu yai lirutubishwe (kwenye kadi ya kliniki ni wiki ya nane, kwa kuwa kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho) SRY huwaka na tezi hugeuka korodani. Korodani hutoa homoni mbili. Moja huyeyusha mirija ambayo ingekuwa mji wa mimba, na testosteroni hujenga via vya kiume. SRY isipokuwepo, tezi hufuata njia ya ovari.

Hesabu_Kibirizi
Naongezea hesabu, maana mabinti wanne huwatisha watu bure. Duniani huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100. Ukipiga hesabu hiyo mara nne, kati ya familia 100 zenye watoto wanne, tano au sita zitakuwa na mabinti watupu. Hapo mjini ziko nyingi tu. Na mimba ya tano haikumbuki nne zilizopita: nafasi ya mvulana bado ni nusu na kidogo juu.

Kuhesabu siku: wanasema mbegu za Y zina mbio na za X zinavumilia, basi siku ya yai kutoka utapata mvulana. Zilipopimwa kwa kompyuta, mwendo wake haukutofautiana. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba, mkojo wao ukipimwa kila siku. Mimba zilitungwa ndani ya siku sita tu, ile ya yai kutoka na tano za kabla yake, na jinsia haikufuata siku ya tendo. Kwa hiyo kalenda inasaidia kupata mimba, basi.

Magadi, siki na ndimu ni kujiumiza. Uke una uchachu wake unaolindwa na bakteria wazuri. Ukiwaosha, unabaki na uchafu wenye harufu na maambukizi. Kuhusu vyakula sina la kurefusha: havichagui mbegu.

Mfugaji_Igunga
Mbona kwenye uhimilishaji wa ng'ombe kuna mbegu za kuzaa majike matupu? Ya watu inashindikana nini?

Hesabu_Kibirizi
Mkuu, zile hupita mashineni. Mbegu ya X ya ng'ombe ina DNA (kemikali ya urithi) zaidi ya ile ya Y kwa karibu asilimia 4. Hutiwa rangi, humulikwa kwa leza, yenye mwanga mkali hutengwa. Usahihi ni kama asilimia 90, si mia, na mbegu hupungua nguvu, ndiyo maana mtamba (jike ambalo halijazaa) hushika vizuri kuliko ng'ombe mkubwa. Kwa binadamu tofauti ni asilimia 2.8 tu, kutenga ni kugumu zaidi. Njia ya uhakika ni kutungisha mimba maabara na kupima chembe chache za kiinitete cha siku ya tano. Ilianzishwa kwa ajili ya familia zenye magonjwa yanayopita kwenye X, kama hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda.

Mrina_Asali
Mzee wa ukoo kama ni mfuga nyuki au kuku, mwambie mapema asilinganishe. Malkia wa nyuki akitaga yai lisilorutubishwa anatoka dume, likirutubishwa anatoka jike. Kwa kuku, yai la tembe ndilo linaloamua. Mamba wa Malagarasi ndio kabisa: ni joto la mchanga wa kiota. Watu wengi wanaosema "mama ndiye" wameangalia banda la kuku.

Jirani_wa_Isevya
Asanteni sana. Utrasaundi afanye lini?

Mkunga_Ujiji
Wiki ya 18 hadi 20. Kabla ya wiki ya 14 kinyama cha mbele cha msichana na cha mvulana hulingana ukubwa, ndipo watu wanapotangaziwa mvulana asiyekuwepo. Hata baadaye, kamba ya kitovu ikipita katikati ya miguu au mtoto akibana mapaja, mpimaji hukosea.

Na akizaliwa mtoto ambaye via vyake havieleweki, au anaonekana mvulana lakini korodani hazipapasiki hata moja, msikimbilie kumpa jina wala kumficha. Afikishwe hospitali ya Kitete hapo Tabora aonwe na daktari wa watoto. Baadhi yao ni wasichana wenye tezi za juu ya figo zinazozalisha homoni za kiume kupita kiasi, na hao hupoteza chumvi ndani ya wiki moja hadi tatu: hutapika, hukataa ziwa, uzito hushuka. Muombeni apimwe sodiamu na potasiamu kwenye damu, na dalili hizo zikianza ni usiku huohuo, si kesho.