Nimelipia ramani ya zamani ya Mwanza, nimepewa fotokopi nyeusi isiyoonyesha mto!

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Masika haya maji yameingia ndani kwangu huku Buhongwa mpaka usawa wa kitanda. Bibi jirani akaniambia, "Mjukuu wangu, hapo ulipojenga tulikuwa tunalima mpunga. Hiyo ni mbuga, bonde la maji, ina mkondo wake." Dalali hakunitamkia hilo, wala aliyegonga muhuri. Nikaona nitafute ramani ya zamani nijue maji yanapita wapi kabla sijamwaga zege lingine.

Nimeenda ofisi inayotunza ramani, nimelipa, nikaambiwa rudi kesho. Kesho ikawa wiki tatu. Nilichokabidhiwa ni fotokopi ya ile shiti (karatasi moja ya ramani) ya kipimo cha 1:50,000. Anayezijua ramani hizi anajua zinasomwa kwa rangi: bluu ni maji, kahawia ni kontua, yaani mistari ya miinuko. Ukizitoa nyeusi tupu, korongo, kontua na njia ya miguu vyote vinakuwa mstari uleule mwembamba. Nimeikodolea macho kwa tochi ya simu mpaka yakauma. Mstari unaopita kwangu ni kijito au njia ya ng'ombe? Na kipimo chenyewe sentimita 2 ndiyo kilomita nzima, kiwanja changu hakifiki hata milimita moja, halafu mkunjo wa karatasi umepita papo hapo!

Nikaomba ya rangi. "Ipo, ila imechakaa, haitolewi." Sasa si ndiyo sababu ya kuiskani?

Mto Mirongo kila mtu anaujua, unapita katikati ya mji, na watu wa Mabatini wanajua ukijaa unafanya nini. Vijito vya huku pembezoni, Buhongwa, Igoma, Buswelu, nani anavisemea? Vinafukiwa kwa kifusi, vinakatwa viwanja, vinauzwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Mita 60 nianze kuzipima wapi, ikiwa mto wenyewe wameufuta kwenye karatasi niliyoilipia?

Ramani hizo ziskaniwe kwa rangi, zibandikwe kila ofisi ya kata, mnunuzi azione kabla hajatoa hela yake.

Mwenye nakala ya rangi ya kusini mwa Mwanza, hata picha ya simu, aiweke hapa tafadhali. Fundi ananisubiri nimwambie ukuta upite wapi, na vuli haiko mbali.