Naomba ushauri: jenereta ya haidrojeni ya kuhamishika, usalama wake ukoje?

Habari zenu wakuu. Nakodisha jenereta kwa ajili ya harusi na mikutano, Dar na Pwani. Kuna mtu ananiuzia jenereta ya seli za haidrojeni (fuel cell, yaani inatengeneza umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni ya hewani bila kuichoma), ipo kwenye tela. Haina kelele wala moshi, inatoa maji tu. Nimeipenda, ila mitungi yake ndiyo inaninyima usingizi.

Muuzaji anasema "ni kama gesi ya kupikia tu." Hapo ndipo aliponitia wasiwasi zaidi. Gesi ya kupikia hutambaa chini. Haidrojeni hupanda juu, kwa hiyo ikivuja ndani ya stoo yangu ya bati itajikusanya darini. Haina harufu, mwali wake mchana hauonekani kirahisi, na hushika moto ikiwa hewani kuanzia asilimia 4 hadi 75. Na kwenye harusi zetu huwezi kumzuia mtu kuvuta sigara nyuma ya hema!

Nimeona kuna kiwango cha kimataifa cha usalama, IEC 62282-5-100, cha mifumo ya seli za aina hii inayobebeka. Je, cheti hicho kinatosha, au mitungi inahitaji cheti chake? Kibali nianzie Zimamoto, OSHA (usalama kazini) au TBS (Shirika la Viwango)? Na barabarani, mitungi ibaki imeunganishwa kwenye mashine au ifungwe valvu na kusafirishwa peke yake?

Aliyewahi kushika haidrojeni kiwandani anisaidie, muuzaji anataka jibu Ijumaa.