Injini niliyoachiwa na mjomba: ni L88 kweli, na ithaminiwe vipi?

Mrithi wa Karakana
Habari zenu, wakuu. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa magari ya mashindano, ameniachia injini ya Chevrolet ya silinda 8 ambayo kila anayeiona husema ni L88, ile injini adimu ya mashindano iliyofungwa katika magari 216 tu ya Corvette kati ya mwaka 1967 na 1969. Hedi zake ni za aluminiamu, na juu imekaa kabureta moja kubwa ya Holley. Nyuma ya bloku imesubiwa namba 3963512, tarehe ya kusubiwa ni E 21 9, na kwenye bapa la mbele, upande wa kulia, pamegongwa T0412 na herufi mbili ambazo orodha husema ni za L88. Mtu mmoja ameniahidi fedha nyingi. Nataka kujua nilicho nacho kabla sijapokea fedha yake.

Fundi Mkongwe
Pole kwa msiba, ndugu yangu. Hedi za aluminiamu hazitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu chaguo lililoitwa L89 lilizifunga pia kwenye injini nyingine za 427 (yaani za ujazo wa inchi 427 za mraba tatu, kama L88 yenyewe) za miaka hiyohiyo. Namba 3963512 nayo ilitumika kwa 427 na kwa ndugu yake mkubwa zaidi, 454, za kawaida na za nguvu nyingi, kwa hiyo inataja ukoo wa injini tu.

Kinachonisumbua ni tarehe. E ni mwezi wa tano na 9 ni mwaka 1969, yaani bloku ilisubiwa tarehe 21 Mei 1969. T ni kiwanda cha Tonawanda, na 0412 ni tarehe 12 Aprili, siku ya kuunganishwa. Injini haiwezi kuunganishwa siku 39 kabla ya bloku yake kusubiwa. Na ukisema Aprili hiyo ni ya 1970, L88 ilikuwa imekwisha kuachwa. Simtuhumu mjomba wako, kwani huenda aliinunua hivyo. Safisha bapa kwa kitambaa na mafuta, kamwe usitumie msasa, kisha limulike kwa mwanga wa pembeni: mashine ya kiwandani iliacha mistari myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, na ukikuta mikwaruzo ya duara au uso laini kabisa, ujue bapa lilichongwa upya kabla ya kugongwa.

Mpimaji
Naafiki. Kuhusu thamani, anza na vipimo. Kipenyo cha silinda za 427 na 454 ni kimoja, inchi 4.25, kwa hiyo hakitazitofautisha. Fungua hedi upime mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini. Milimita 95.5 ni 427, milimita 101.6 ni 454. Hesabu pia boliti za vifuniko vya beringi kuu, maana L88 ilikuwa na 4 kwa kila kifuniko, kisha mpelekee fundi bloku aitafute nyufa. Usikate tamaa: mwenye gari la 1969 lililopoteza injini yake hutafuta hasa bloku iliyosubiwa wiki chache kabla ya gari lake kuundwa, na hedi halisi za aluminiamu zina wanunuzi wake peke yake.

Mrithi wa Karakana
Nashukuru sana. Bapa lina mikwaruzo ya duara, na pistoni inasafiri milimita 101.6. Nimemwarifu yule mnunuzi yote haya, pamoja na picha.

Fundi Mkongwe
Umefanya vema. Basi krenkshafti, yaani mhimili unaoamua mwendo wa pistoni, ni ya 454, na hapo kuna jambo la usalama: 454 husawazishwa kwa uzito ulioongezwa kwenye flaiwili na kwenye puli ya mbele, ilhali 427 husawazishwa ndani kwa ndani. Usiiwashe wala kuiuza kabla hujahakikisha kwamba flaiwili na puli zilizofungwa ni za 454, la sivyo mtetemo utaharibu beringi zote.