Wamemzuia mama yangu getini kwa ajili ya hotpoti ya pilau, halafu wakabaki na 23,000 yangu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Nina hasira tangu Idi pili na mpaka leo haijashuka.

Jina la hilo eneo la michezo ya maji silitaji. Liko njia ya kwenda Tegeta, inatosha. Niliwapeleka wanangu wawili, mke wangu na mama yangu mzazi, kwa sababu ndiko mama alikokuwa akitupeleka sisi.

Mlinzi akafungua begi la mama, akatoa hotpoti, akaifunua mbele ya foleni nzima. "Mama, chakula cha nje hakiingii." Nikamweleza kwamba huyu ni mgonjwa wa kisukari, anakula kwa saa na kwa kipimo, na humo mna pilau yake kidogo na kachumbari. Akajibu kwamba ndani kuna mgahawa. Hotpoti ikabaki chini ya meza ya walinzi na viatu vya watu. Mama hakusema kitu, alijifunga tu mtandio wake vizuri akaingia. Kilichoniuma zaidi ni kule kunyamaza kwake.

Hotpoti ya mama ina historia pale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa tunaishi Manzese. Mama alikuwa anauza vitumbua asubuhi na chapati jioni, na chini ya kitanda alikuwa na kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari. Usiku wa kuamkia Idi kibubu kinavunjwa, sarafu zinamwagwa kwenye kanga, sisi tunazipanga mafungu: za hamsini huku, za mia huku, za mia mbili kule. Idi mosi tunaishia Mnazi Mmoja kwenye mapembea. Idi pili ndiyo safari yenyewe: Manzese mpaka Ubungo, Ubungo mpaka Mwenge, pale tunagombania kipanya cha Tegeta, mdogo wangu anapakatwa ili asilipiwe nauli. Barabara ya Bagamoyo ilikuwa bado nyembamba, haijapanuliwa, foleni ya Idi unaikuta palepale Mwenge. Mama anashikilia hotpoti mapajani njia nzima.

Ukilipa getini umemaliza. Unateleza mpaka ngozi ya vidole inakunjamana, unatoka na macho mekundu, unakula pilau chini ya mti umejifunga taulo, unarudi majini. Hakuna aliyewahi kufunua begi la mama yangu.

Nilipofika sekondari tukawa tunaenda wenyewe wakati wa likizo, vijana watano sita. Juu ya ngazi ya bomba refu kulikuwa na kaka mmoja wa kazi, filimbi mdomoni. Haruhusu mtu kuteleza mpaka aliyetangulia atoke kabisa kwenye maji. Ukimvunjia sheria anakukalisha pembeni nusu saa. Tulikuwa tunamchukia siku hiyo, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kuelea, jioni watu wakishapungua, bila kunidai hata senti. Kila ninapoingia baharini pale Coco namkumbuka.

Sasa sikieni ya safari hii. Kiingilio 15,000 mkubwa, 10,000 mtoto. Mama alilipishwa kama mwogeleaji ingawa alikwenda kukaa kivulini tu. Jumla 65,000. Nikajua yameisha. Ndani naambiwa kiingilio ni cha kuingia tu, kila mchezo una bei yake, 3,000 kwa mtoto mmoja kwa mara moja, na pesa taslimu hawapokei. Unanunua kadi, unajaza hela. Nikajaza 50,000. Bomba refu limefungwa kwa kamba, lakini getini hapakuwa na bango wala mtu wa kuniambia. Watoto wakacheza mara tisa, ikaondoka 27,000.

Naenda kudai 23,000 yangu, dada wa dirishani ananiambia, "Kaka, salio halirudishwi, mfumo hauruhusu." Ananigeuzia kadi anionyeshe maandishi ya nyuma, madogo kama ya kwenye boksi la dawa. Yaani sharti nalisoma baada ya hela kuingia! Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine haina mtandao. Mwaka mzima tunaimbiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nimedai, sijapewa.

Hela naweza kuitafuta nyingine. Ila kule juu ya ngazi ya bomba jingine, walilotelezea watoto, hapakuwa na mtu. Hakuna filimbi, hakuna hata kiti. Binti yangu wa miaka minane aliteleza wakati chini bado kuna mtoto mdogo anajikusanya atoke majini. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikamvuta yule mtoto kwa mkono. Angepigwa miguu ya kichwa. Mzazi wake alikuwa kwenye foleni ya kadi. Nilipomfuata msimamizi, akaniambia kila mzazi amwangalie wake. Sasa 65,000 yangu ililipia nini, kama hata mtu mmoja wa kusimama pale juu hayupo?

Na msiniambie maisha yamepanda. Mama alilipa kwa sarafu za vitumbua na akahudumiwa kama mtu. Mimi nimelipa zaidi ya laki, naye amekaa na njaa mpaka saa kumi, kwa sababu mgahawani palikuwa na chipsi na soda tu.

Kadi ninayo na nimeipiga picha mbele na nyuma. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, kwa hiyo Jumatatu naipeleka Tume ya Ushindani, FCC. Aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii pale anielekeze: wanataka maelezo ya maandishi tu au na shahidi? Na mwenye kadi kama yangu yenye salio asiitupe, aje hapa aseme ana shilingi ngapi. Nikienda na kadi kumi itakuwa bora kuliko na hii moja.