Nasoma Pride and Prejudice niongeze msamiati wa Kiingereza, nimekwama sura za mwanzo, naombeni ushauri

BintiKibosho:
Habari zenu wakuu. Mimi nipo mapokezi kwenye loji moja hapa Moshi. Kiingereza cha kazini nakimudu, mgeni akifika namkaribisha, namuelekeza chumba, namuelezea njia za kupanda mlima na bei zake, hapo sina shida. Shida inaanza maongezi yakitoka nje ya kazi, mgeni akianza kumuelezea mtu au jinsi alivyojisikia mimi nabaki na nice, good na beautiful, basi, na ndoto yangu ni kwenda kusomea ukalimani. Sasa kuna mama mmoja wa Uingereza wakati anaondoka aliniachia Pride and Prejudice ya Jane Austen, akasema anakipenda kuliko vitabu vyote. Nimeanza kukisoma na hadithi imenishika kweli, nataka kujua huyu Elizabeth ataolewa na nani, ila kila ukurasa una maneno mageni, nafungua dikshonari kwenye simu, nikirudi nimeshasahau sentensi ilianzia wapi maana sentensi zenyewe ndefu balaa. Halafu kuna maneno nayajua kabisa lakini hapa hayaingii akilini. Mfano mwisho wa sura ya kwanza wanasema mzee Bennet, baba yake Elizabeth, ana "quick parts", parts za nini tena? Na mkewe ana "mean understanding", ina maana ni mchoyo? Naombeni ushauri, niendelee nacho au nitafute chepesi, na kama naendelea nifanyeje ili maneno yakae kichwani? Na nikiyatumia leo kwa wageni si yataonekana ya kizamani?

Mti Mkavu:
Dada kiweke pembeni kwanza. Hicho kitabu kimetoka 1813, lugha yake siyo ya leo. Kama lengo ni kuongea na wageni soma magazeti ya Kiingereza, sikiliza redio, chukua hadithi zilizorahisishwa, ukishakomaa ndo urudi huko. Utajitesa bure.

Chaki Nyeupe:
Mkuu Mti Mkavu naheshimu maoni yako ila kwa hili tunatofautiana. Nafundisha Kiingereza sekondari na naona wanafunzi wengi wanaacha kusoma kwa sababu kile wanachopewa ni chepesi lakini hakina kinachowavuta. Huyu binti ameshasema anataka kujua Elizabeth ataolewa na nani, hiyo hamu ndo mwalimu wa kwanza, usimnyang'anye.

Binti, kwanza nikujibu maswali yako. "Parts" kwa wakati ule ni vipaji vya akili, kwa hiyo mzee Bennet ana akili nyepesi kushika mambo. "Mean" hapo siyo uchoyo wala roho mbaya, ni hafifu, duni, yaani mama Bennet uelewa wake ni mdogo. Na uone na sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu, wanasema mwanaume tajiri ambaye hajaoa lazima awe "in want of a wife". Hiyo want ni kupungukiwa, kuwa na uhitaji, siyo kutaka. Ndo maana inachekesha, wanaomuona ana uhitaji ni majirani wenye mabinti, mwenyewe hajaulizwa.

Sasa namna ya kusoma. Kitabu kina sura 61 na nyingi ni fupi, kwa hiyo soma sura moja mara mbili. Mara ya kwanza simu iweke mbali kabisa, soma mpaka mwisho hata kama unashika nusu, ukikutana na neno gumu piga mstari kwa penseli na usonge mbele. Mara ya pili usitafute yote uliyopigia mstari, tafuta yale tu yaliyojitokeza zaidi ya mara moja au yale ambayo bila hayo hujui nani kamfanyia nini nani. Austen ana maneno yake anayapenda na anayarudia kitabu kizima, civility, amiable, esteem, regard, countenance, vanity, disposition. Ukiyashika hayo machache kurasa zinaanza kufunguka zenyewe, mengine yatakuja yenyewe kadiri unavyosonga.

Na usiandike neno na maana peke yake kwenye daftari, hiyo haikai. Andika neno pamoja na mtu. Amiable andika Bingley, kwa sababu huyo kijana kila mtu anamfurahia. Vanity nenda sura ya 5, kuna Mary, mdogo wake Elizabeth, anaeleza tofauti ya pride na vanity, kwamba pride ni vile unavyojiona mwenyewe na vanity ni vile unavyotaka wengine wakuone. Umeona, kitabu chenyewe kinakufundisha tofauti ambayo dikshonari inakupa mistari miwili mikavu. Na ukifika sura ya 44 utakuta Elizabeth amelala anajiuliza moyoni anajisikiaje juu ya Darcy, yule kijana tajiri mwenye kiburi, anaanza kwamba anamheshimu, halafu esteem yaani anamthamini, halafu anamshukuru, na bado hajathubutu kusema anampenda. Hapo unapata ngazi nzima ya maneno ya moyo na kila moja lina uzito wake. Wewe unayelalamika umebaki na nice, hapo ndo pa kwenda.

Mama Wawili:
Naongezea kwa mwalimu. Sikiliza huku unasoma. LibriVox wana hiki kitabu kimesomwa kwa sauti na watu wa kujitolea, bure kabisa, na Project Gutenberg unapata maandishi yake bure kwa ambaye hana nakala maana haki miliki yake iliisha zamani. Mimi nilikuwa nasikia nikiwa jikoni, zile sentensi ndefu msomaji anapumzika kwenye koma na ghafla unaelewa kipi kinaenda na kipi. Pia majibizano ya Elizabeth na Darcy yasome kwa sauti, yale ndo maongezi uliyokuwa unayataka, watu wanabishana kwa adabu lakini wanachomana. Filamu ya 2005 iangalie baadaye, ukianza nayo utakimaliza kitabu kichwani kabla hujakisoma.

BintiKibosho:
Mwalimu asante sana, na wewe mama. Hiyo ya neno pamoja na mtu nimeanza leo hii hii kwenye kaunta buku langu. Ila swali la kizamani bado linanisumbua, nitajuaje lipi limebadilika maana na lipi bado linatumika? Nisije nikamwambia mgeni kitu kikawa matusi.

Nyanda Juu:
Swali zuri sana hili na watu wengi hawaulizi. Nafanya kazi ya kutafsiri hapa Dar na haya maneno yaliyohama maana ndo yanaangusha watu, kwa sababu neno geni kabisa utalitafuta ila neno unalodhani unalijua hulitafuti.

Chukua condescension. Mchungaji Collins, binamu yake mzee Bennet, anamsifia Lady Catherine kwa "affability and condescension" na anamaanisha sifa kubwa, kwamba bibi mkubwa ameshuka akaongea na watu wa chini. Leo ukimwambia mtu ni condescending umemwambia anadharau wenzake. Candid nayo, sura ya 4 Elizabeth anamwambia dada yake Jane kwamba yeye ni candid kweli, maana yake anaona mema ya kila mtu na hasemi vibaya vya yeyote. Leo candid ni msema ukweli bila kuficha, karibu kinyume chake. Handsome leo ni ya wanaume zaidi, ila Darcy kwenye ile dansi sura ya 3 anasema Elizabeth siyo handsome kiasi cha kumvutia. Na kuna sehemu mzee Bennet anasema mkwe wake Wickham "makes love to us all", hapo ni kubembeleza na kusifia watu tu, binti hiyo usiitumie mapokezi kabisa.

Kwa hiyo kwenye kaunta buku weka safu mbili, Austen alimaanisha nini, leo inamaanisha nini. Dikshonari nzuri huwa inaandika old use au dated pembeni ya maana, usiiruke hiyo alama.

Ndizi Bukoba:
Wadau mmesema maneno ila kuna maneno hayaeleweki mpaka ujue mali zilikuwa zinaendaje. Neno entail ndo roho ya hadithi nzima. Shamba la Longbourn limefungwa kisheria liende kwa mrithi wa kiume, mzee Bennet ana mabinti watano hana mvulana, akifa tu nyumba inaenda kwa Collins. Mimi natokea Kagera, shamba la ukoo kwa mila zetu mwanamke hakuruhusiwa kuliuza mpaka Mahakama Kuu Mwanza ilipoamua kesi mwaka 1990, kwa hiyo niliposoma hii sikuhitaji dikshonari. Ukielewa hapo utaelewa kwa nini mama Bennet anahangaika na waoaji na kwa nini kila kijana anatajwa na pauni zake, Bingley elfu 4 au 5 kwa mwaka, Darcy elfu 10, mzee Bennet mwenyewe elfu 2. Na Charlotte, rafiki yake Elizabeth mwenye miaka 27, anapomkubali Collins wanasema alitaka "establishment". Leo hilo neno ni taasisi au biashara, pale ni kwake mwenyewe, nyumba yake yenye uhakika wa chakula. Tusimhukumu.

Mti Mkavu:
Nakubali hoja za mwalimu. Nilikuwa naangalia lugha tu sikuangalia kwamba hadithi imeshamshika. Ila magazeti asiyaache, yatamsaidia kwenye ile safu ya leo.

Chaki Nyeupe:
Hapo tumeelewana mkuu, vyote viwili viende pamoja. Binti ukifika sura ya 35 kuna barua ndefu ya Darcy, ni ngumu, usikate tamaa. Elizabeth mwenyewe anaisoma mara ya kwanza kwa hasira, anaisoma tena sura ya 36 taratibu sentensi kwa sentensi na maana inageuka, mpaka anakaribia kuijua kwa kichwa. Wewe fanya kama yeye.

BintiKibosho:
Nitafika huko Mungu akipenda, sasa hivi nipo sura ya 9. Nimetunga sentensi yangu ya kwanza mwalimu naomba uisahihishe: We receive every guest with civility.

Chaki Nyeupe:
Sarufi ipo sawa kabisa, hongera. Ila kwa leo civility ni adabu ya kutosha tu, ile ya kutokumkosea mtu, inaweza ikawa na ubaridi. Kwa mgeni wa loji andika courtesy, au ukitaka ukaribu zaidi andika warmth. Civility ibakize kwa ajili ya dada zake Bingley, hapo hapo sura ya 9 ukisoma Miss Bingley anavyomjibu mama Bennet kwa "cold civility", yaani adabu ya baridi, utaona kwa nini.