Kikundi cha familia: nepi ya saa nane usiku

*Jumanne, saa 8:14 usiku*

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Nisameheni kwa kuwaamsha. Nimefungua nepi ya mtoto sasa hivi, nimekuta doa la rangi ya chungwa, kama vumbi la tofali. Mwanaidi anasema ni damu, analia. Kuna aliye macho?

Hamisi: [picha]

Shangazi Rukia: Marahaba baba. Niko zamu hospitali, picha nimeiona. Chukua pamba nyeupe iliyolowa, pangusa hapo kwenye doa, uniambie pamba imekuwaje.

Hamisi: Imeshika kama unga wa chungwa. Haijawa nyekundu.

Shangazi Rukia: Basi mwambie Mwanaidi afute machozi. Hizo ni chembechembe za mkojo. Mkojo wa kichanga ukiwa mzito, siku za mwanzo huacha unga kama huo kwenye nepi. Na hata angeona tone la damu lenye ute, mtoto wa kike wiki ya kwanza hutokea, ni homoni za mama zinamtoka mwilini. Hiyo nepi lakini usiitupe, ifunge vizuri, asubuhi mtakwenda nayo kliniki.

Hamisi: Ahsante sana shangazi. Tumepumua.

Shangazi Rukia: Sijamaliza. Leo ana siku 4, si ndiyo? Tangu jana saa kama hizi amelowesha nepi ngapi?

Hamisi: Hatujahesabu. Tumembadilisha mara 3, pamoja na hii.

Shangazi Rukia: Mara 3 usiku na mchana?

Hamisi: Pakiti imeandikwa nepi inahimili masaa 12. Nikaona nikiibadilisha kabla ya hapo namsumbua bure, hasa akiwa amelala. Nimekosea?

Shangazi Rukia: Pakiti inazungumzia kuvuja. Haizungumzii ngozi ya mtoto. Mle ndani mna punje zinazofyonza mkojo na kuvimba kama uji mzito, ndiyo maana juu unagusa pakavu ukadhani hakuna kitu. Mniambie kwanza: akiwekwa titi anaamka na kunyonya? Mdomo ndani una unyevu? Utosi umebonyea?

Mwanaidi: Shikamoo shangazi. Yuko titini sasa hivi, namsikia anameza. Mdomo una mate. Utosi uko sawa, haujazama. Joto lake ni 36.8.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Basi usiku huu hakuna cha kukimbizana. Ila akikataa kunyonya, au akalegea msiweze kumwamsha, au joto likafika 38, msisubiri nijibu meseji. Mnakwenda hospitali saa hiyohiyo.

Mwanaidi: Sawa shangazi.

Shangazi Rukia: Sasa nisikilizeni kuhusu hesabu, maana hapa ndipo ninapoona wazazi wengi wanahangaika. Titi halina mistari kama chupa. Huwezi kuchungulia ukajua ameingiza kiasi gani. Kinachoingia tunakijua kwa kinachotoka. Siku ya kwanza nepi moja iliyolowa inatosha, ya pili 2, ya tatu 3. Zinapanda kadiri maziwa yanavyojaa, hadi kufikia siku ya 5 au 6 tunataka 6 au zaidi kwa saa 24, nzito, na mkojo uwe mweupe au njano iliyopauka. Mkimwacha na nepi moja masaa 8, akikojoa mara 1 au mara 5 yote yamekuwa nepi moja. Huo unga wa chungwa unaweza kuwa ni siku za mwanzo tu, au unaweza kuwa ni maziwa hayamtoshi, na mimi nikiwa huku siwezi kuwaambia ni lipi kwa sababu hatuna hesabu.

Hamisi: Sikulijua hilo kabisa. Nilidhani nepi ni usafi tu.

Shangazi Rukia: Wala hukufundishwa. Mlitoka hospitali siku ya pili, nani angewakalisha kuwaeleza? Chukueni daftari. Kila nepi andika saa, M kama ni mkojo, C kama ni choo.

Hamisi: Na hizi za kutupa, nitajuaje amelowesha kama juu ni pakavu?

Shangazi Rukia: Chukua nepi mpya, mimina maji vijiko vikubwa 3, uipime mkononi. Uzito huo ndio unaoutafuta. Kwa huyu ambaye bado mdogo hivyo, weka kipande cha pamba ndani, mbele kidogo. Ukifungua ukakuta pamba imelowa, umepata jibu.

*Jumanne, saa 11:40 alfajiri*

Bibi Zuhura: Nimeamka nakuta mambo yote haya na mimi nimelala! Mwanaidi mwanangu, umepata usingizi hata kidogo?

Mwanaidi: Shikamoo mama. Nimelala kidogo. Hamisi ndiye aliyembadilisha tena saa 10.

Bibi Zuhura: Marahaba. Mimi watoto wote 6 nimewalea kwa winda, na kila walipokojoa nilijua, maana winda likilowa na nguo yako uliyempakatia imelowa. Humwachi. Siku hizi nepi inaficha. Mbadilisheni kila anapokojoa, basi.

Shangazi Rukia: Wifi, shikamoo. Kwa winda la kitambaa ni kweli kabisa, likilowa linatoka hapohapo. Kwa hizi za kutupa wakimfungua kila tone watamwamsha mara 20 na wao watazimia. Mchana watazame kila baada ya masaa 2 au 3, inakuwa karibu na kila anaponyonya, na anatakiwa anyonye mara 8 hadi 12. Kwa hiyo nepi 8, 10, hata 12 kwa siku ni kawaida kwa umri wake. Choo ndicho hakisubiri. Mchana, usiku, amelala au yuko macho, choo kikisikika kinatolewa.

Bibi Zuhura: Marahaba wifi. Hilo la choo nalijua vizuri. Kinaunguza.

Shangazi Rukia: Kinaunguza kweli. Choo kina vimeng'enya vilevile vinavyosaga chakula tumboni. Mkojo ukichanganyika nacho vinapata nguvu, vinaanza kuila ngozi. Hamisi, makalio yakoje?

Hamisi: Mekundu kidogo, pale karibu na njia ya haja kubwa. Hayajachubuka.

Bibi Zuhura: Mpake poda. Nilipeleka kopo zima kwenye mfuko wa nguo zake.

*Jumanne, saa 12:25 asubuhi*

Shangazi Rukia: Wifi, naomba kwenye poda unisikilize, na nakuomba kwa heshima zote. Poda inapaa. Kichanga anaivuta na pumzi, inaingia mapafuni, na mapafu ya siku 4 hayana nguvu ya kuikohoa. Zamani tulipaka wote, hata mimi, hatukuwa tumeambiwa. Sasa tumejua.

Bibi Zuhura: Mimi nilipaka wote 6.

Shangazi Rukia: Najua wifi, na umewalea vizuri, huyu Hamisi ni ushahidi.

Bibi Zuhura: Sawa. Iondoeni hiyo poda. Mwanaidi, usiogope kuniambia jambo kama hili, mtoto ni wetu sote. Apakwe nini basi?

Shangazi Rukia: Maji ya uvuguvugu na pamba, au kitambaa laini. Wafute kuanzia mbele kwenda nyuma, huyu ni binti, uchafu wa nyuma usisogezwe mbele. Wasisugue, wagandamize taratibu mpaka pakauke, hata kwenye mikunjo ya mapaja. Halafu wamwache wazi kidogo, dakika 10 hivi, ngozi ipate hewa. Kisha mafuta ya mgando au krimu yenye zinki, tabaka linaloonekana, ili mkojo ukija ukute ukuta. Safari inayofuata wasiikwangue krimu yote, waondoe iliyochafuka tu.

Fatuma: Na kitovu jamani! Kunja nepi kwa mbele ikae chini ya kitovu. Mimi kwa wa kwanza nilimfunga juu yake, kikawa kinalowa mkojo kila siku.

Hamisi: Nimekunja sasa hivi dada.

Bibi Zuhura: Na asiachwe peke yake kitandani hata kama bado hajageuka. Mkono mmoja uwe juu yake. Vitu vyote viwe tayari kabla hujamfungua.

*Jumanne, saa 7:05 mchana*

Mwanaidi: Tumerudi kliniki. Uzito umepungua, lakini nesi amesema bado uko ndani ya kawaida ya siku hizi za mwanzo. Nepi ameitazama, amesema alivyosema shangazi. Tatizo nilikuwa namshikisha chuchu tu, hakuwa anaingiza sehemu nyeusi ya titi. Amenionyesha. Hata maumivu yamepungua. Ijumaa turudi apimwe tena.

Shangazi Rukia: Nimefurahi mno. Ameelekeza umwamshe?

Mwanaidi: Ndiyo, asipitishe masaa 3 bila kunyonya mpaka uzito urudi. Lakini shangazi, akianza tu kunyonya anasinzia. Nifanyeje?

Shangazi Rukia: Hapo ndipo nepi inapokuwa rafiki yako. Mpe titi la kwanza, akisinzia mbadilishe nepi, ataamka, kisha mpe la pili. Ukimbadilisha kabla ya kunyonya, mara nyingi utarudia kazi, maana kwa vichanga tumbo likipokea maziwa utumbo nao unasukuma. Wengi wanakunya wakiwa titini au mara tu wakimaliza.

Mwanaidi: Ni kweli! Kila akinyonya nasikia mlio.

Fatuma: Shangazi, samahani nadandia hapohapo. Wangu ana miezi 7. Ana vipele siku ya 5 sasa. Namwosha, namwacha wazi, krimu ya zinki kila saa, haviondoki. Vinazidi. Nabadilisha nepi mpaka mikono imechubuka.

Shangazi Rukia: Wekundu uko wapi hasa? Sehemu zinazogusa nepi, au ndani ya mikunjo?

Fatuma: Ndani kabisa ya mikunjo ya mapaja. Mwekundu wa kung'aa. Na pembeni kuna vidoti vidogo vimetawanyika.

Shangazi Rukia: Alikuwa na dawa yoyote karibuni?

Fatuma: Antibayotiki za sikio, alimaliza wiki iliyopita.

Shangazi Rukia: Hivyo vinafanana na vya fangasi. Wekundu wa mkojo kwa kawaida unakaa palipojitokeza panapogusa nepi, mikunjo inasalimika. Fangasi anapenda mikunjo, na antibayotiki zinaua bakteria wazuri waliokuwa wanamzuia. Hutammaliza kwa kubadilisha nepi wala kwa zinki, anahitaji krimu ya fangasi. Mpeleke wamtazame kesho, wamwandikie. Vipele vya nepi vikipita siku 2 au 3 bila kupungua, au vikitoa usaha, mtu asiendelee kujitibu nyumbani.

Fatuma: Kesho asubuhi na mapema. Nilikuwa najilaumu kwamba simbadilishi vya kutosha.

Shangazi Rukia: Usijilaumu hata kidogo. Na usiku wa huyo mkubwa, kama ni mkojo tu na amelala, muache alale. Vipele vikiwepo ndiyo unamtazama mara moja katikati. Vikipona, nepi kavu wakati wa kulala, nyingine akiamka.

Hamisi: Na huyu wetu, usiku?

Shangazi Rukia: Huyu wenu anaamka mwenyewe kunyonya, au mnamwamsha. Anabadilishwa hapohapo. Taa hafifu, bila maneno mengi, ajue ni usiku.

*Alhamisi, saa 3:30 asubuhi*

Hamisi: [picha] Shangazi, daftari la jana. M 6, C 4. Choo kimetoka kwenye ule weusi wa kunata, kikawa kijani, leo ni njano ina chembechembe kama mbegu. Nepi ina maji maji sana. Ni kuhara?

Shangazi Rukia: Hapana baba, hicho ndicho choo cha maziwa ya mama, na ndicho nilichokuwa nakisubiri! Kuhara utakujua, kitakuwa maji matupu na mara nyingi kuliko alivyozoea. Cha kunipigia simu bila kusubiri ni choo cheupe au cha kijivu kama chokaa, hiyo inaweza kuwa ini. Au damu. Au akirudi kwenye weusi baada ya kuwa njano.

Bibi Zuhura: Na asipokwenda choo siku moja watu wasianze kumpa vitu.

Shangazi Rukia: Wiki hizi za kwanza asipokwenda siku nzima nataka kujua, maana ni kipimo cha maziwa. Akishapita wiki 6, wa maziwa ya mama anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima kabisa, ilimradi kikija ni laini na mkojo uko palepale. Na kumpa vitu, wifi uko sahihi, asipewe chochote.

*Ijumaa, saa 6:15 mchana*

Mwanaidi: Ameongezeka gramu 90 tangu Jumanne!

Bibi Zuhura: Mjukuu wangu!! Mungu akutunze mama.

Fatuma: Hongera wifi. Na wangu wamempa krimu ya fangasi, vidoti vimeanza kufifia.

Shangazi Rukia: Mmenipa usingizi leo. Makalio?

Mwanaidi: Yamepoa kabisa. Na lile doa la chungwa hatujaliona tangu Jumatano.

*Jumamosi, saa 8:20 usiku*

Hamisi: Shangazi, uko zamu?

Shangazi Rukia: Niko. Kuna nini?

Hamisi: Hakuna kitu kibaya. Nimefungua sasa hivi, ni ya 8 tangu jana saa hizi. Nzito, mkojo mweupe. Nimeandika. Mwanaidi amelala, nikasema nikuambie wewe.